Tabu Mbili, Parachichi Moja

Windows 11 ilipoleta tabu (vichupo vya juu ya dirisha) kwenye File Explorer, dirisha la kutazamia mafaili, mwaka 2022, hapa Mwanjelwa, Mbeya, ninapochapia watu kadi na picha, hakuna aliyefurahi kunizidi. Folda tisa, dirisha moja. Kumbe kichwa cha tabu huandika jina la folda ya mwisho tu, si njia nzima. Ijumaa hiyo nilikuwa na tabu mbili zimekaa bega kwa bega: Picha na Picha. Moja ni D:\Harusi\Picha, nyingine D:\Bwana shamba\Picha.

Bwana shamba alileta flashi ya maparachichi yenye ugonjwa. Nikachagua picha zote sita, nikaziburuta hadi juu ya tabu ya Picha, nikasubiri ifunguke, nikaachia. Kompyuta ikauliza: mafaili ya majina haya yapo, yabadilishwe? Nikabofya ndiyo bila kusoma. Wateja wote huleta 1.jpg, 2.jpg, sijawahi kuona aliyehangaika kubadili majina.

Kadi ya harusi ilikuwa ya Word, na picha nilikuwa nimeiunga kwa kiungo ili faili lisiwe zito. Ya namna hiyo, kila ukiifungua, huifuata 1.jpg upya kwenye folda. Nikaifungua, nikaagiza nakala 60, nikageukia simu.

Mama wa bibi harusi akaingia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii nini?”

“Ni... parachichi, mama.”

“Parachichi naliona. Mbona lina madoa?”

Ctrl+Z hairudishi faili lililofunikwa, na kwenye pipa la taka halipo. Usipoteze dakika kumi kulitafuta kama mimi. Pona yangu picha ya binti ilikuwa kwenye simu ya mama. (Karatasi 60 za kung'aa nililipa mwenyewe.)

Tabu bado natumia, kwa kutazama tu. Kuhamisha ni madirisha mawili: Ctrl+N, moja nalisukuma kwa kitufe cha Windows na mshale wa kushoto, jingine wa kulia, na njia nzima naisoma kwenye upau wa anwani kabla ya kugusa kitu. Folda nayo ni F2 papo hapo: Picha_Harusi.

Mama alikuwa bado anafoka bwana shamba alipochungulia kadi begani kwake, akavua miwani.

“Dada, hilo doa ni la ukungu. Pulizeni dawa ya kopa.”