Nichoree Tu Kakatuni

"Mkuu, nichoree tu kakatuni ka kava, simpo tu, kesho asubuhi tunapeleka mtamboni." Simpo! Hivi nani aliwadanganya wahariri?

Haya, pigeni hesabu. Jalada la A4 ni milimita 210 kwa 297, lakini ukichora kwa kipimo hicho hicho umekwisha. Ongeza milimita 3 kila upande, iwe 216 kwa 303, maana kisu cha kiwandani hakina adabu. Kikihama kidogo unabakiwa na mstari mweupe pembeni. Na kwa ndani acha kama milimita 5 hivi bila kitu cha maana, la sivyo mheshimiwa unayemchora anaingia mtaani hana pua.

Robo ya juu inaliwa na jina la jarida. Kona ya chini, bakodi. Unabanana na kilichobaki, kitambi cha mheshimiwa unakiweka katikati, kinapendeza. Saa nne usiku: "Tumeongeza vichwa vya habari vitatu." Wameviweka wapi? Juu ya kitambi! Na kitambi ndicho kichekesho chenyewe, jamani. Jarida la vichekesho la Joe la Nairobi lilianzishwa mwaka 1973 na mwanahabari Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji, Terry Hirst. Mchoraji akiwa mwenye jarida, nani atamfunikia kitambi?

Tuje kwenye rangi. Kijani kinachowaka kwenye skrini hakipo kwenye wino nne za mtambo (samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi), kikichapwa kinafifia kama kisamvu cha jana. Faili litengenezwe kwa rangi hizo nne tangu mwanzo, doti 300 kwa inchi, siyo picha iliyobanwa na WhatsApp. Maneno yawe nyeusi tupu, asilimia 100. Ukichanganya wino zote nne, pleti moja (kila wino una bamba lake la kuchapia) ikihama nusu milimita tu, msomaji anadhani macho yake yana tatizo.

Puto la maneno ya wahusika nalo! Andika maneno kwanza, ndipo uyazungushie puto, na anayeanza kusema akae kushoto, jibu lisije likatangulia swali. Ukishamaliza, mhariri anaongeza "Mheshimiwa Daktari". Puto linapasuka.

Malipo? Subiri toleo litoke. Likitoka, subiri wenye matangazo walipe. Wakilipa, mhasibu yuko likizo.