Luteni mpya: bahasha au kumbukumbu?

Kadeti wa jeshi la Marekani akihitimu, awe ametoka West Point (chuo cha jeshi la nchi kavu), Annapolis (chuo cha jeshi la majini) au ROTC, mafunzo ya uofisa yatolewayo katika chuo kikuu cha kawaida, hula kiapo, kisha watu wake wa karibu humvisha kipau cha rangi ya dhahabu, alama ya cheo cha kwanza cha ofisa. Waalikwa wengi hufika siku hiyo wakiwa hawana hakika waende na zawadi gani mkononi. Walio karibu na jambo hili wamegawanyika, na sioni kambi yoyote inayosema upuuzi.

Wapo wanaosema: toa fedha. Askari wa kawaida hupewa sare na jeshi, lakini ofisa hujinunulia. Posho ya mwanzo ya sare anayoruhusiwa kisheria haizidi dola 400, na sare ya dhifa peke yake yaweza kuimaliza. Tena luteni huyu atahamahama, kituo hiki miaka miwili, kingine mitatu. Picha kubwa yenye fremu ya kioo itafungwa kwenye boksi na kufunguliwa mara nyingi, mpaka ivunjike au iachwe kwa wazazi.

Wenzao hujibu kwamba fedha huliwa ikasahaulika, na siku hii haijirudii. Wao hupendelea kitu kama upanga. Ofisa wa Marines, kikosi cha wanamaji wa Marekani, huvaa kwenye gwaride upanga uliopinda uitwao Mameluke, na aliyeupata kwa wazazi wake atakumbuka hilo kila anapoufuta vumbi. Nakubaliana nao, ila kwa sharti: asikurupuke mtu kuununua bila kuuliza. Upanga huo hupimwa kulingana na kimo cha mvaaji, na huenda babu amekwishaahidi wa kwake.

Ugomvi mkubwa zaidi uko kwenye maandishi ya kuchongwa. Baadhi hukataa cheo kuandikwa, kwa kuwa luteni usu (ndicho cheo hicho cha kwanza) wa jeshi la nchi kavu kwa kawaida hupanda cheo baada ya miezi 18, na katika matawi mengine baada ya miaka miwili. Kalamu iliyochongwa cheo cha chini, wanasema, itamtia haya akiwa kapteni. Mimi naliona kinyume. Kapteni anayo mengi ya kuonyesha ukapteni wake. Cha kumkumbusha alikoanzia ni kichache. Andikeni jina, cheo na tarehe.

Kuna pia hofu ya sheria. Kanuni za maadili za serikali ya shirikisho huweka ukomo wa dola 20 kwa tukio moja na dola 50 kwa mwaka kutoka mtoaji mmoja, na ukomo huo haufungui mlango wa fedha taslimu. Lakini hizo ni zawadi anazopewa kwa sababu ya kazi yake, au kutoka kwa wenye shughuli na jeshi. Shangazi anayempa mpwa wake bahasha kwa mapenzi ya damu hahusiki. Mwenye kampuni inayouza bidhaa kwa jeshi, hata akiwa rafiki wa familia, afikiri mara mbili, maana mzigo wa kueleza zawadi hiyo utamwangukia kijana aliyeanza kazi juzi.

Aliyetumiwa kadi ya taarifa tu, isiyo mwaliko, hadaiwi kitu. Barua ya mkono yatosha, na nadhani ndiyo itakayotunzwa kuliko vingi.

Mgawanyo ninaoutetea ni huu: kumbukumbu itoke kwa wazazi au ndugu waliochanga pamoja, kitu kimoja kilichofikiriwa; marafiki na jamaa wa mbali watoe fedha bila kuona haya.

Kipo hata hivyo kitu ambacho kambi zote mbili hukisahau. Askari wa kwanza kumpigia saluti ofisa mpya, mara nyingi sajini aliyemfunza, kwa desturi hupewa na ofisa huyo sarafu ya dola ya madini ya fedha. Kumtafutia kijana sarafu hiyo, kwa mfano sarafu ya fedha iitwayo American Eagle, ya mwaka aliozaliwa, ni zawadi pia. Watu huniambia si zawadi kwa kuwa itatoka mkononi mwake ndani ya saa moja. Kwangu mimi, kumwezesha mtu kumshukuru mwalimu wake mbele ya wazazi wake kunazidi kalamu na upanga.