Mkataba wa nidhamu na begi la mdogo wangu

Mimi nilishaona dawa ya akaunti zangu za kutredi mtandaoni (kubashiri bei itapanda au itashuka) kuungua, yaani kuisha hela, sio kuongeza indiketa nyingine, ile mistari ya kukisia bei, chati ilikuwa na mistari mingi mpaka bei yenyewe haionekani. Dawa ni nidhamu, na nidhamu kwa mtu wa aina yangu inataka askari. Nikampa kazi mdogo wangu wa kike, yule hana huruma tangu azaliwe.

Tukaandikishana kwenye daftari. Tredi moja nisihatarishe zaidi ya asilimia 1 ya akaunti, kila tredi iwe na stop losi (bei ya kuifunga tredi yenyewe hasara ikifika kikomo), na nikipigwa mara mbili kwa siku simu anachukua yeye, anabadilisha namba ya siri na harudishi mpaka kesho yake. Hata nikilia. Hata nikisema mama anapiga. Hata nikisema kuna tredi imebaki wazi, na hicho kifungu nilikileta mimi mwenyewe tena nikakipigia mstari, nikajiona mjanja kweli.

Basi ikafika ile Ijumaa ya ripoti ya ajira za Marekani, inayotoka saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za New York na bei ya dhahabu inaanza kurukaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Ripoti haijatoka, mimi nishapigwa mbili. Nikasema ngoja nirudishe chapchap kabla hajaona, nikaseli dhahabu, yaani nikabashiri itashuka, loti (ukubwa wa tredi) ya kibabe, stop losi sikuweka kwa sababu si ndo hizo hizo zilizonitoa mara mbili (hesabu za mtu mwenye hasira msizikague). Kugeuka, huyu hapa mlangoni.

"Kaka, lete simu."

"Subiri kidogo mdogo wangu, kuna tredi iko wazi..."

"Kifungu cha mwisho. Ulikipigia mstari."

Simu ikaingia kwenye begi lake la safari, zipu ikatiwa kufuli, funguo akaondoka nayo kwenda harusini kwa rafiki yake.

Nikakimbia kwa jirani kuazima laptop, nikarudi nayo, nikaingia kwenye akaunti, ikaniambia niweke namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu yangu. Begi likalia ting. Nikabonyeza itumwe tena, ting. Tukawa tunaongea hivyo mimi na begi mpaka ripoti ikatoka, na hapo ting zikaanza kumiminika zenyewe bila mimi kugusa kitu.

Nikachukua kalamu ya wino nikaichomeka katikati ya meno ya zipu, ikaachia yote. Simu ina namba mpya ya siri, haifunguki, ila ujumbe unasomeka kwa juu: dhahabu imepanda, dhamana, ile hela ya kuishikilia tredi, imeisha, broka, kampuni ninayotredi kwake, kaifunga tredi mwenyewe. Chini yake namba za uthibitisho zimejipanga vizuri kabisa, hazina kazi tena.

Usiku askari wangu karudi, kaliangalia begi, hakusema kitu. Akachukua daftari akaandika: "Hasara 3, moja ya magendo. Zipu 1." Halafu ndo akaniuliza,

"Begi unalipa lini?"

"Jumatatu, soko likifunguliwa tu."

Akanyoosha mkono, akachukua na laptop ya jirani.