Kazi Iuchague Mfuko

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wasanii, wakusanyaji wa masimulizi na watunzaji wa makumbusho madogo ni hili: ni mfuko gani unaotoa fedha kwa sasa? Ninaelewa linakotoka, kwa sababu kodi ya ofisi haisubiri na kifaa kilichoharibika hakijitengenezi. Hata hivyo, naamini swali hilo hutangulizwa mahali ambapo lingepaswa kuja la pili au la tatu. Anayeanza kwa kutafuta fedha huishia kuikunja kazi yake ifuate umbo la tangazo aliloliona, na wasomaji wa maombi huitambua kazi iliyokunjwa tangu ukurasa wa kwanza.

Nasema hivyo kwa kuwa nimewahi kuikunja. Kikundi chetu kilikuwa na masanduku matatu ya kanda za kaseti zenye nyimbo na masimulizi ya wazee, na baadhi yake zilikwisha kuanza kunata na kukwaruza zilipochezwa. Tukaona tangazo la mfuko mmoja uliokuwa ukitoa ruzuku kwa ajili ya ajira na ubunifu wa vijana. Kwa wiki mbili tulikesha tukiandika, tukaugeuza mradi wa kuokoa kanda kuwa tamasha la vijana, tukaongeza mafunzo ya ujasiriamali ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ujuzi nayo, kisha tukatuma. Jibu lilikuwa barua ya mistari mitatu ya kutukatalia. Kilichoniumiza zaidi si barua ile. Ni kwamba nilipolisoma upya andiko letu, kanda zenyewe nilizikuta katika sentensi moja tu ya ukurasa wa nane. Lau tungepewa fedha zile, tungelazimika kuandaa tamasha ambalo hakuna aliyeliomba, huku kanda zikiendelea kuharibika masandukuni.

Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu mmoja. Kabla ya kutafuta mfuko wowote, wahusika wa mradi huandika ukurasa mmoja unaoeleza ni kitu gani kitafanyika, ni kwa nini kifanyike sasa, ni nani mwenye urithi huo au kazi hiyo, na nini kitapotea kisipofanyika. Ukurasa huo hauandikiwi mfadhili yeyote, na kwa sababu hiyo huwa mkweli kuliko andiko lolote litakalofuata. Baada ya hapo ndipo tunaanza kuisoma mifuko, na kusoma huko huchukua muda mrefu kuliko kuandika.

Mifuko ina tabia zake, na tofauti ndogo kati ya mmoja na mwingine ndiyo inayoamua. Chukua mfano wa programu mbili zinazoshughulikia nyaraka na kumbukumbu zilizo hatarini. Endangered Archives Programme, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kuwekwa chini ya Maktaba ya Uingereza, hugharimia kunakili kidijitali nyaraka za kale, hasa za kabla ya katikati ya karne ya 20, na sharti lake mojawapo ni kwamba nakala asili zisiondolewe katika nchi zilikotoka. Modern Endangered Archives Program ya Chuo Kikuu cha UCLA, iliyoanza mwaka 2018, inashughulikia vitu vya karne ya 20 na ya 21, zikiwamo picha, filamu na sauti. Zote mbili zinapata fedha kutoka mfuko uleule wa Arcadia, na mtu anayesoma haraka haraka angedhani ni kitu kimoja. Lakini anayepeleka kaseti, ambazo ni za nusu ya pili ya karne ya 20, katika programu ya kwanza huenda amekwisha kujiondoa kabla msomaji hajafika kwenye bajeti, wakati mlango unaomfaa upo na uko wazi pembeni. Vivyo hivyo, mwenye kutaka kurekodi lugha inayokaribia kutoweka ana Endangered Languages Documentation Programme, iliyoanza mwaka 2002, na anayehangaikia jengo la kale au makumbusho katika eneo lililopigwa na vita anaweza kuutazama mfuko wa ALIPH ulioanzishwa Geneva mwaka 2017. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo unaotoa fedha kwa ajili ya "utamaduni" kwa jumla. Kila mmoja umejichagulia kona yake.

Tangazo la wito wa maombi halitoshi kukuonyesha kona hiyo, kwa kuwa matangazo huandikwa kwa maneno mapana yanayomkaribisha kila mtu. Kinachosema kweli ni orodha ya miradi iliyokwisha kufadhiliwa. Mifuko mingi huichapisha, na nchini Uingereza tangu mwaka 2015 kuna jitihada ya 360Giving inayowawezesha wafadhili kuweka hadharani takwimu za ruzuku zao kwa muundo unaolinganishika. Isome orodha ya miaka mitatu ya nyuma na ujiulize maswali ya kawaida kabisa: waliopewa ni taasisi kubwa au vikundi vya watu watano? Kiwango kinachotolewa mara nyingi ni kipi, wala si kile cha juu kilichotangazwa? Yupo yeyote aliyepewa kwa kazi inayofanana na yako? Ukikuta yupo, mwandikie. Watu waliopata ruzuku huwa wakarimu wa maelezo kuliko tunavyodhani, na mazungumzo ya nusu saa na mmoja wao yamewahi kuniokolea mwezi mzima. Kwa msanii anayehitaji tu nauli na malazi ili akafanye kazi au akajifunze nje ya nchi yake, mtandao wa On the Move umekusanya miongozo ya ufadhili wa safari za wasanii kwa maeneo mbalimbali ya dunia, na hauombi malipo.

Suala la nani anaruhusiwa kuomba lisomwe kabla ya jingine lolote, kwa sababu ndilo lenye kufisha maombi mengi yasiyo na kasoro nyingine. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, yaani mambo kama nyimbo, masimulizi na ufundi, una mfuko wake, na maombi ya msaada yasiyozidi dola 100,000 za Marekani yanaweza kuwasilishwa wakati wowote wa mwaka. Ila anayewasilisha ni nchi mwanachama, si kikundi wala mtu binafsi. Mfuko wa Kimataifa wa Uanuwai wa Utamaduni, uliotokana na mkataba wa mwaka 2005, unapokea miradi ya asasi zisizo za kiserikali na ya taasisi za umma za nchi zinazoendelea zilizoridhia mkataba huo, nao kiwango chake cha juu ni dola 100,000, lakini maombi hupitia kwanza kwenye tume ya taifa ya UNESCO. Maana yake ni kwamba usiitazame tarehe ya mwisho iliyo tovutini peke yake. Iulize tume mapema, kwani inaweza kuwa na tarehe yake. Mwenye kikundi kisichosajiliwa naye asikate tamaa, kwani anaweza kuomba kupitia asasi iliyosajiliwa itakayopokea na kusimamia fedha kwa niaba yake. Makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini, yakitaja asilimia itakayobaki kwa asasi hiyo na nani mwenye haki juu ya kazi itakayozalishwa, maana urafiki hauzuii ugomvi wa hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo waombaji wapya hulipita juu juu: ruzuku nyingi hazigharimii mradi wote. Katika programu ya Creative Europe ya mwaka 2021 hadi 2027, miradi midogo ya ushirikiano, inayohitaji walau asasi tatu kutoka nchi tatu zinazoshiriki, hupata hadi euro 200,000 zisizozidi asilimia 80 ya gharama. Miradi ya kati hupata asilimia 70, na mikubwa asilimia 60. Nchini Marekani, mfuko wa taifa wa sanaa ulioundwa mwaka 1965 umezoea kudai kwamba kila dola unayotoa ilinganishwe na dola moja kutoka kwingine. Isitoshe, kiasi fulani mara nyingi hubaki mkononi mwa mfadhili hadi ripoti ya mwisho ipokewe na kukubaliwa. Kikundi kisicho na akiba kinaweza kushinda ruzuku na bado kikashindwa kumlipa mpiga picha mwezi wa kumi. Ndiyo maana napendekeza jedwali la mapato na matumizi la mwezi kwa mwezi litengenezwe kabla ya kuomba, wala si baada ya kusherehekea.

Hapo nimefika kwenye bajeti, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye imani yangu kubwa. Nimewahi kuombwa kusoma maombi ya wengine na kuyatolea maoni, na nilijizoeza kuanza na bajeti, kisha maelezo. Maelezo huonyesha mwombaji anataka aonekanaje. Bajeti huonyesha anamthamini nani. Nakumbuka andiko moja lililojaa maneno mazuri kuhusu wazee kuwa hazina ya jamii na maktaba hai. Nikafungua mchanganuo wa gharama. Mshauri alikuwa na kasma, yaani fungu lake la fedha, ya siku 20 za kazi, mpiga video alikuwa na yake, na gari lilikuwa na yake. Wazee kumi na wawili ambao sauti zao ndizo zilizokuwa mradi wenyewe walikuwa wamewekwa katika mstari mmoja ulioandikwa "viburudisho". Waliokuwa wametajwa kama maktaba walilipwa kwa soda.

Sidhani walioandika walikuwa watu wabaya. Walikuwa wameazima jedwali la bajeti la mradi mwingine, na jedwali lile halikuwa na nafasi ya wenye urithi. Kwa hiyo ninasisitiza kwamba mstari wa kwanza wa bajeti uwe wa wale ambao bila wao hakuna mradi: fundi anayejua kuezeka, mwimbaji anayekumbuka beti zote, mchongaji, mfumaji. Walipwe ujira unaolingana na muda na ujuzi wao, kwa kiwango walichokubali wao. Msanii anayeandika ombi naye ajiwekee malipo yake bila haya, kwa sababu mfadhili makini hushtuka zaidi akiona mradi wa mwaka mzima unaoendeshwa na mtu asiyelipwa kuliko akiona mshahara wa haki. Gharama za uendeshaji, yaani umeme, uhasibu na ukaguzi wa hesabu, ziandikwe kama zilivyo. Na pale ambapo fedha zitatolewa kwa sarafu moja na kutumika kwa nyingine, pawe na maelezo ya kiwango cha ubadilishaji kilichotumika na siku kilipochukuliwa.

Wapo wanaoniambia kwamba ni heri kuachana na wafadhili na kuchangisha umma moja kwa moja. Njia hiyo ni ya kale kuliko majukwaa ya intaneti. Mwaka 1885, fedha za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru mjini New York zilipokwama, Joseph Pulitzer alitumia gazeti lake kuomba michango, akaahidi kuchapisha jina la kila mchangiaji hata awe ametoa kidogo kiasi gani. Ndani ya miezi mitano watu zaidi ya 160,000 walitoa zaidi ya dola 100,000, wengi wao chini ya dola moja kila mmoja. Ninaipenda habari hiyo, lakini inafaa isomwe hadi mwisho: palikuwa na gazeti lenye wasomaji wengi na kitu kinachoonekana kwa macho. Kanda zinazonata hazina mvuto wa sanamu, na jukwaa kama Kickstarter, lililoanza mwaka 2009, halikupi chochote usipofikia lengo ulilojiwekea. Uchangishaji unafaa kitabu, filamu fupi au onyesho lenye tarehe. Kazi ya kuhifadhi, ambayo ni ya kimya na ya miaka, huhitaji ruzuku.

Wafadhili nao wana wajibu wao, na nitausema waziwazi. Fomu ya kurasa 30 kwa ruzuku ndogo inawaondoa watu walewale ambao mfuko unasema unawatafuta. Hatua ya kwanza ingetosha kuwa kurasa mbili, na kila aliyekataliwa angepewa walau sentensi mbili za sababu, kwa kuwa kikundi kidogo kilichotumia wiki tatu kuandika kimekwisha kutoa mchango wake kwa jasho. Ambapo maoni ya wasomaji hayatolewi, mwombaji ayaombe kwa barua ya heshima. Mara nyingi yapo, hayajatumwa tu.

Sisi tuliomba yetu. Afisa mmoja alitujibu kwamba jopo halikuelewa ni kitu gani hasa tulitaka kukiokoa, na alikuwa na haki. Mwaka uliofuata tulikwenda kwa mfuko mwingine, mdogo kuliko ule wa kwanza, ambao katika orodha yake tulikuta miradi minne ya kumbukumbu za sauti. Andiko lilikuwa la kurasa nne. Tuliambatanisha orodha ya kanda zote, moja moja, na hali ya kila moja, pamoja na dakika mbili za sauti kutoka katika kanda iliyoharibika zaidi. Kasma ya kwanza ilikuwa ya waimbaji na ndugu wa waimbaji waliofariki, kwa siku watakazokaa nasi wakisikiliza na kutaja majina ya waliomo. Kabla ya kuamua, mfuko ulitupigia simu kuuliza jambo moja tu: nakala zikishapatikana, ni nani atakayeruhusu zisikilizwe? Tuliweza kujibu papo hapo, kwa sababu swali hilo tulikuwa tumewauliza wenyewe miezi miwili kabla, na walikuwa wamekwisha kututajia nyimbo sita zisizopaswa kutoka nje ya familia.