Nakati na entula: jina la kisayansi peke yake halitoshi

Pakiti nyingi za mbegu za mboga hubeba jina la kisayansi, na watu hulichukulia kuwa neno la mwisho. Kwa mboga zetu za Uganda, nasema halitoshi.

Tazama Solanum aethiopicum. Jina hilo moja ni la nakati, mboga ya majani, na pia la entula, ambayo Watanzania huiita ngogwe au nyanya chungu na huilima kwa ajili ya matunda. Spishi, yaani aina ya mmea, ni moja. Wataalamu huzitenganisha kwa vikundi: nakati imo katika kikundi cha Shum, entula katika kikundi cha Gilo. Pakiti isiyotaja kikundi haijakwambia unapanda nini.

Dukani huwezi kugundua kosa, kwa kuwa mbegu zote ni ndogo, bapa na za manjano hafifu. Subiri miche itoe majani kadhaa, kisha pitisha kidole: jani la nakati ni laini, la entula lina vinyweleo. Usipokagua mapema, utangoja matunda ya entula uambulie vitunda vidogo vichungu visivyoliwa, au utafute majani ya kupeleka sokoni ukute yanakwaruza. Tena, kwa kuwa ni spishi moja, zikitoa maua karibu karibu huweza kuchavushana, na mbegu utakazoweka zikazaa mchanganyiko. Hapa Kiganda, chenye majina mawili nakati na entula, kinasema kwa usahihi kuliko Kilatini.

Majina yetu nayo yana mipaka. Dodo kwa Kampala ni mchicha, Amaranthus dubius; kwa Mtanzania ni aina ya embe. Ejjobyo ya Waganda ni akeyo kwa Waacholi na mgagani kwa Kiswahili sanifu. Mboga hiyo hiyo pakiti moja itaiita Cleome gynandra na nyingine Gynandropsis gynandra, maana wataalamu waliihamishia jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi zinazokaribiana. Usinunue zote mbili ukidhani ni mboga tofauti.

Linaloniudhi zaidi ni mti wa lira kuuzwa kama mwarobaini. Lira ni Melia azedarach, na matunda yake yana sumu kwa watu na kwa nguruwe. Mwarobaini ni Azadirachta indica. Shika jani zima: la mwarobaini lina vijani vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kimoja, la lira hugawanyika tena kuwa matawi madogo yenye vijani vyake. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya lira yana rangi ya zambarau hafifu. Mtu anayechemsha majani anywe hana ruhusa ya kukisia.

Kwa hiyo kila kibao cha kitalu kiwe na jina la kisayansi (jenasi ianze kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo), kikundi kama kipo, jina la kienyeji pamoja na lugha na wilaya lilikotoka, sehemu inayoliwa, na tarehe ya kuvuna mbegu. Mfano: Solanum aethiopicum, Shum, nakati, Kiganda, Wakiso, majani, kisha tarehe. Kata vibao kutoka kwenye jerikeni kuukuu, uvikwaruze kwa msasa, uandike kwa penseli. Wino wa kalamu hufifia juani, na kibao kisichosomeka hurudisha kitalu kwenye kubahatisha.