Mhadhara Uwe Baada ya Isha

Maktaba za vyuo vikuu siku hizi hazikai kimya. Kuna mihadhara ya wazi, maonyesho ya miswada, jioni za mashairi, wiki za utamaduni wa Mswahili. Nalipenda jambo hili, tena sana. Ugomvi wangu ni namna linavyoendeshwa.

Nilihudhuria mhadhara mmoja kwenye maktaba ya chuo ambacho sitakitaja, mada ikiwa tenzi za huku kwetu kaskazini. Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu bado tuko kwenye itifaki: mkuu wa idara anamkaribisha mkuu wa kitivo, naye anamkaribisha aliye juu yake, kila mmoja akiapa kuwa hatachukua muda mwingi, kisha anauchukua. Mgeni rasmi alipochelewa, wacheza kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, waliitwa kuziba pengo, wakakatizwa katikati ya ngoma gari lake lilipoingia. Mhadhiri akapata dakika zilizosalia. Alikuwa msomi kweli, simvunjii heshima. Lakini alizungumza Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na katika mhadhara mzima kuhusu tenzi haukusomwa hata ubeti mmoja. Beti zilikuwa ukutani, kwa herufi ndogo za projekta, zimekauka kama papa wa ng'onda. Nyuma yangu aliketi mzee wa Pate aliyeletwa na mjukuu wake. Kila picha ilipokuwa ikibadilika, yeye alikwisha kunong'ona ubeti unaofuata. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kwetu Amu, yaani Lamu, mihadhara ya wazi haijakosekana hata siku moja. Ukipita msikitini baada ya swala utaikuta darsa: watu wameketi chini, kitabu kimefunguliwa, mwanafunzi anasoma mstari kwa sauti, sheikh anamsimamisha, anafasiri, anatoa mfano wa jambo lililotokea jana sokoni, kisha anamwambia endelea. Maandishi yanatangulia, maelezo yanafuata. Asiyejua kusoma naye huondoka na kitabu kichwani. Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Saleh, umefundisha hivi kwa zaidi ya karne, na watu huja kutoka Komoro na Unguja kuketi pale. Maktaba ya chuo ikitaka mfano wa mhadhara unaojaza watu, isiende mbali.

Tena faida si ya wasikilizaji peke yao. Miswada yetu ya zamani imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, kwa mtindo wa kale, hazitenganishi *e* na *i*, wala *o* na *u*. *P* na *b* mara nyingi huandikwa sawa, na *n* iliyo mbele ya *d* au *g* huachwa kabisa. Neno moja laweza kusomeka kwa njia tatu. Anayejua njia iliyo sahihi ni yule aliyeusikia utenzi kwa bibi yake. Usome ubeti vibaya mbele ya wazee wa mtaa wetu wa Mkomani uone kama utafika mwisho wa mstari kabla hawajakurudi! Marekebisho yale ndiyo ambayo mkutubi angepaswa kuyarekodi na kuyaambatanisha na orodha yake. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya maktaba hasa, wala si burudani ya pembeni.

Sasa tazama miswada ilipo. Muhamadi Kijumwa wa hapa Amu, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga mbao, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa mkono wake. Leo ziko chuo cha SOAS, London, na nyingine Ujerumani. Alizokusanya mtafiti J.W.T. Allen ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Miswada ya Riyadha ilipigwa picha kwa mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na mwenye intaneti anaweza kuifungua. Sililii karatasi. Chumvi na mchwa wa kisiwa hiki nawajua, na baadhi ya zilizochukuliwa labda zisingefika leo. Ninachodai ni nakala: ichapishwe kwa ukubwa wa kusomeka na mzee asiye na miwani mizuri, iletwe uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, isomwe. Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi. Basi la kuja Mokowe, gatini upande wa bara, lipo, na boti ya kuvukia ipo.

Kuna jambo moja ambalo maktaba inaweza kulifanya vizuri kuliko darsa ya msikitini. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wake mwaka 1858, na tangu hapo wanawake ndio walioubeba kwa moyo, nyumba kwa nyumba. Kwenye darsa, wengi wao husikiliza kupitia kipaza sauti, wako majumbani. Wasikie, naam, lakini hawawezi kumrudi msomaji. Kwenye mkutano wa maktaba wawekewe nafasi yao nzuri na maikrofoni yao, na msomaji wa utenzi ule awe mmoja wao.

Basi mhadhara uwe baada ya Isha, kama darsa, na lugha iwe Kiswahili. Mgeni asiyekijua atafutiwe mkalimani, kama sisi tunavyotafutiwa kwingine. Hotuba za wakubwa zije mwisho, baada ya kahawa, atakayebaki atabaki. Na msomaji alipwe kwa kiwango kilekile cha mhadhiri, kwa jina lake kwenye ratiba, badala ya kupewa fulana na chupa ya maji. Tarehe ningependekeza Mfungo Sita, siku za kuelekea Maulidi, wakati mji umejaa wageni na watu wamezoea kukesha. Vyumba vya kulala tu ndivyo vitakuwa vya taabu, kwa hiyo wakutubi waandike mapema.