Mbwa wa kunusa akija Unguja, kanuni zimtangulie

Nikiwaeleza jamaa zangu wa Michenzani kwamba huku Sydney polisi hutumia mbwa kunusa vijana kutafuta dawa za kulevya, jibu ni lile lile: "Astaghfirullah, mbwa amguse mtoto wa watu?" Na mazungumzo huishia hapo, kwenye najisi. Mimi naona najisi ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili; nzito ni upekuzi wenyewe, hasa kwa mtoto anayeishi kwenye nyumba ya malezi.

Suratul Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la wanyama waliofundishwa kuwinda, kwa hiyo mbwa wa kazi si mgeni katika dini. Na sisi Mashafii tumesomeshwa chuoni kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Ni mate na umajimaji ndio unaodai maosho saba, moja kwa udongo. Kijana akirambwa kanzu, apewe maji na nguo nyengine awahi sala. Mstari mmoja wa kanuni unatosha.

Ajabu ni kwamba sheria ya mwaka 2002 ya New South Wales, jimbo lenye Sydney, isiyojua twahara wala josho, nayo inamtaka polisi achukue tahadhari zote za busara mbwa asimguse mtu. Mbwa ananusa hewa, na akipata harufu anakaa chini.

Balaa linaanza akishakaa. Ombudsman wa jimbo hili, yaani mchunguzi wa malalamiko dhidi ya serikali, alichunguza kazi ya mbwa hao, na ripoti yake ya 2006 ikaonesha kuwa katika kila watu 100 waliopekuliwa kwa sababu ya mbwa, 26 tu ndio waliokutwa na dawa. Waliobaki walidhalilika bure mbele za watu. Pua ya mbwa inaweza kuwa sahihi kabisa na bado kijana akawa hana kitu, maana harufu hubaki kwenye nguo.

Mwaka 2018, kwenye tamasha la muziki karibu na Byron Bay, msichana wa miaka 16 alivuliwa nguo na polisi baada ya mbwa kumwashiria. Hakukutwa na kitu. Hakuwepo mzazi wala mlezi, ilhali sheria ilitaka awepo mtu wa upande wake. Tume inayosimamia mwenendo wa polisi ilikuja kusema upekuzi ule ulikuwa kinyume cha sheria.

Yule alikuwa na wazazi wa kumlilia. Mtoto wa nyumba ya malezi amwite nani, na anayempekua ndiye huyo huyo mlezi wake? Mimi nafanya kazi na vijana wa aina hiyo. Hapa kila upekuzi unaandikwa: sababu, saa, nani alikuwepo. Makaratasi yanachosha, lakini kijana akilalamika kesho, pana pa kuanzia.

Kwetu mlezi anamwaga sanduku la mtoto mbele ya wenzake, kibao juu, tunaita malezi. Nisiwe mchoyo: nyumbani kuna bibi, jirani na sheha wanaomjua mtoto ni wa nani, na mara nyingi anasemeshwa kabla mambo hayajaharibika. Huku hilo sijaliona, na linaniuma. Lakini bibi hawezi kuingia kila chumba.

Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, tunayo. Ningependa chini yake ziandikwe kanuni za upekuzi kwa nyumba za malezi kama ile ya Mazizini, kabla mbwa hata mmoja hajafikiriwa. Mbwa anuse vyumba na mikoba, vijana wakiwa nje uwanjani. Akikaa chini, mtoto asivuliwe nguo. Aulizwe kwanza, mbele ya mtu mzima aliyemchagua mwenyewe. Na akikutwa na unga, aonwe na daktari kabla ya polisi. Hiyo ya mwisho najua itapingwa kuliko mbwa mwenyewe.